Betri Mbili na Pasi Moja

Watoto wengine wakiamka huulizia chai. Sisimizi akiamka aliulizia joto. Kabla hajanawa uso, kabla hajapiga hata mwayo wa pili, alikwenda sebuleni kuchungulia mashine ya mama yake ya kutotolea vifaranga. Ilikuwa sanduku kubwa la mbao lililosimama kwenye kona, lenye taa na feni ndogo ndani, na trei za mayai zilizopangwa juu chini. Mlangoni palikuwa na kidirisha cha kioo, na nyuma ya kioo kipimajoto. Kipimajoto kikiwa mahali pake, nyumba ilipumua. Kikishuka, hakuna wa kunywa chai mle ndani.

Jina lake halisi alikuwa analitumia mwalimu peke yake. Nyumbani na mtaani aliitwa Sisimizi, kwa kuwa alikuwa na umbo dogo na hakujua kutulia. Alikuwa darasa la sita. Mama yake naye aliitwa Mama Mayai, na jina hilo alilipata kwa jasho. Majirani walimletea mayai ya kuku wao, yeye akayatia kwenye mashine, na baada ya wiki tatu akawarudishia vifaranga, akibakiza wachache kama ujira wake. Hao wachache ndio waliomlisha binti yake na kumsomesha.

Tatizo lilikuwa umeme. Umeme wa mtaa ule ulikuwa na tabia za mgeni asiye na adabu: unakuja bila hodi, unaondoka bila kwaheri. Leo upo, kesho haupo, keshokutwa unachungulia kidogo na kutoroka. Ukikatika, mama aliwasha jiko la mkaa, akachemsha maji, akayajaza kwenye chupa, akazifunga chupa matambara na kuzipanga kati ya trei. Zikipoa, anaanza upya. Usiku kucha ni hivyo hivyo, mtu na jiko lake.

Mwezi uliopita uchovu ulimshinda. Alijiegemeza ukutani afumbe macho kidogo tu, na alipoyafumbua kumekucha, chupa zimepoa, na mayai yote ni viza. Alizunguka nyumba kwa nyumba kuwaomba radhi wenye mayai. Wengine walimwelewa. Wengine walimtazama tu wasiseme neno, na hao ndio waliomuuma zaidi. Tangu siku hiyo mama hakulala tena usingizi wa maana. Macho yalimwiva, akawa anasahau chumvi kwenye mboga.

"Mwanangu," alimwambia Sisimizi asubuhi moja, akiwa ameshika kikombe ambacho hakukumbuka kukinywa, "kundi hili likiharibika, mashine naiuza. Narudi kufua nguo za watu. Sina nguvu ya kuzunguka tena kuomba radhi."

Sisimizi alikitwaa kikombe, akakiweka chini. Alikumbuka vizuri miaka ile ya kufua, jinsi mama alivyokuwa anarudi jioni vidole vimechubuka na mgongo hauwezi kunyooka. Ilimtia hofu, maana alijua mama yake hasemi jambo kwa kutishia.

Ndipo mama alipoamua kununua betri ya kuishikilia mashine umeme unapokatika. Akiba yake ilikuwa ya moja tu, tena kwa taabu, kwa hiyo hakukuwa na nafasi ya kukosea. Aliita wauzaji wawili.

Wa kwanza alikuwa Fundi Waya, mtu wa mtaani, mwenye mdomo usiochoka. Alileta betri ya maji, nyeusi, nzito kama jiwe la kusagia, akihema kwa kila hatua. "Mama Mayai, huyu ni mzee wa kazi," alisema akiitua chini. "Betri hizi zimewasha nyumba kabla mimi na wewe hatujazaliwa. Na bei yake ni ya kibinadamu."

Wa pili alikuwa dada mmoja wa duka la vifaa vya sola, aliyefika na betri yake imefungwa nyuma ya pikipiki. Uso wake ulikuwa na vumbi, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeyasema maneno hayo hayo kwenye nyumba nyingi bila kuuza. "Hii ni ya lithiamu, mama. Bei yake inauma, sikufichi. Lakini ni nyepesi, haiongezwi maji, na unaweza kuitumia karibu yote kila siku bila kuiumiza."

"Kumbe yangu inaumia?" Fundi Waya akadakia.

"Ukiinyonya mpaka mwisho kila siku, inaumia, fundi. Unajua."

Fundi Waya akajikuna kichwa. Alikuwa anajua.

Mama aliwasikiliza wote wawili, halafu akainua mkono. "Basi. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mimi nataka kuona kwa macho. Niachieni betri zenu na hivi visanduku vyake vya kugeuzia umeme. Kila moja nitaipa siku yake. Itabeba mashine ya vifaranga peke yake, si taa ya chumbani, si redio, si kitu kingine chochote, tangu asubuhi mpaka iishe. Itakayofika mbali ndiyo yangu."

Wakakubaliana. Fundi Waya alipokuwa anatoka alimtania Sisimizi, "Na wewe mdudu, uwe refa wa haki. Usipokee rushwa ya pipi."

Jumamosi ilikuwa zamu ya betri ya lithiamu. Umeme ulikuwa umekatika tangu Alhamisi. Mama aliunganisha waya, akahakikisha mashine inavuma, kisha akajifunga kanga ya pili kwenda sokoni kupeleka vifaranga vya mteja. Alikuwa amekesha na jiko tena, na alipokuwa anafunga mlango alikosea kitasa mara mbili.

"Nakuachia, Sisimizi. Kaa hapa hapa. Tazama kipimajoto, tazama na hiki kioo cha betri. Ikizima, washa jiko haraka, chupa ziko tayari. Na usichomeke kitu."

"Sawa, Mama."

Alikaa. Betri ilikuwa na kioo kidogo kinachoonyesha imebaki asilimia ngapi, na namba zake zilishuka taratibu sana, mpaka kuzitazama kulileta usingizi. Naye alikuwa na usingizi wake wa akiba, kwa sababu usiku alikuwa akiamka kumsaidia mama kujaza chupa. Alisimama ili asilale. Akafagia. Akapanga vyombo. Ndipo akaiona sare yake ya shule iliyokuwa imetundikwa kwenye msumari, imefuliwa na kujikunja kama karatasi iliyotupwa.

Sare hiyo ilikuwa imemfedhehesha shuleni. Umeme haupo, pasi ya umeme haifanyi kazi. Pasi ya mkaa walikuwa nayo, lakini mkaa wote ulikuwa wa mayai. Ijumaa mwalimu wa zamu alimsimamisha mstarini na kumuuliza kama sare yake ameitoa kwenye kinywa cha ng'ombe. Shule nzima ilicheka. Yeye pia alicheka, ili isionekane kwamba imemuuma.

Sasa umeme ulikuwemo mle ndani. Kile kisanduku cha kugeuzia umeme kilikuwa na matundu mawili, moja la mashine, jingine wazi. Sisimizi aliutazama mlango. Akajiambia ni sketi na shati tu, dakika chache, nani atapungukiwa? Mashine haitajua. Betri yenyewe imejaa.

Akachomeka pasi.

Alikuwa amemaliza shati pale Chiriku alipochungulia dirishani. Chiriku alikuwa binti wa jirani, rafiki yake wa darasani, na jina hilo alipewa kwa sababu mdomo wake haukupumzika tangu alfajiri mpaka jioni.

"Shoga, mna umeme?"

"Hatuna. Ni betri tu."

"Betri inapasha pasi? Basi ngoja, nakuja."

"Chiriku, hapana, Mama amesema—"

Lakini Chiriku alishaondoka, akarudi amekumbatia sare yake na za wadogo zake. "Yangu tu, shoga. Na hizi mbili. Na hili gauni la mama. Unadhani nitamwambia nini nikirudi nalo hivi hivi, na wewe ndani mna moto?"

Kukataa kunahitaji nguvu, na Sisimizi hakuwa nayo. Alinyoosha kidole kuelekea mezani. Chiriku alipiga pasi huku anasimulia habari za mtaa mzima, na kila Sisimizi alipokitupia jicho kioo cha betri, namba zilikuwa zinateremka haraka kuliko asubuhi. Aliziona. Akajiambia labda ndivyo zilivyo.

Chiriku aliondoka na nguo zake zimenyooka, akishukuru mpaka barabarani. Haikupita muda mrefu baada ya chakula cha mchana, betri ikalia pii, pii, pii, halafu kimya. Feni ya mashine ikaacha kuvuma. Sisimizi alikimbilia jiko, akapuliza makaa mpaka machozi yakamtoka, akachemsha maji, akajaza chupa, akazipanga. Kipimajoto kilishuka kidogo, kikasita, kikarudi mahali pake. Mayai yalipona.

Mama aliporudi alikuta chupa ndani ya mashine, na mabega yake yakashuka. "Imeshazima?"

"Imezima, Mama. Tangu mchana."

"Mchana huu huu? Haikufika hata alasiri?" Mama alikaa kwenye kigoda, akavua viatu, akavitazama kana kwamba ni vya mtu mwingine. "Hukuchomeka kitu kingine?"

Uongo mwingine hautoki kwenye roho mbaya, wanangu. Unatoka kwenye uchovu na woga. Kueleza habari ya sare, na mwalimu wa zamu, na Chiriku, na gauni la mama yake Chiriku, yalikuwa maneno mengi mno. Neno lililokuwa fupi kuliko yote lilikuwa moja.

"Hapana," alisema Sisimizi.

"Basi ni mbovu," mama alisema. "Na yule dada alivyonitazama machoni, nilidhani mkweli." Hakuuliza zaidi. Aliweka kichwa ukutani, akakaa hivyo mpaka maji ya chupa yakaanza kupoa.

Jumapili ilikuwa zamu ya betri ya Fundi Waya, na mama mwenyewe alikuwa nyumbani. Hakuna aliyepiga pasi. Nguo zote zilikuwa zimeshanyooshwa. Betri ile nyeusi ilibeba mashine asubuhi, ikabeba mchana, ikabeba alasiri, na ilipokata roho jua lilikuwa linazama. Mama alitikisa kichwa. "Mzee wa kazi kweli," alisema, na Sisimizi akainama kuokota kitu ambacho hakikuwepo sakafuni.

Jumatatu alasiri wauzaji wote wawili walikuja. Sisimizi alikuwa ametoka shuleni na sare yake iliyonyooka. Mwalimu wa zamu alikuwa amempongeza mbele ya watu, na pongezi ile ilimwasha mwili mzima kama upupu.

Mama hakuwa mtu wa kuzunguka. "Dada yangu, nitakueleza ukweli," alimwambia yule dada wa duka la sola. "Betri yako haikufika alasiri. Ya fundi imefika magharibi. Chukua mali yako. Na majirani zangu wananingoja mimi niamue. Mshonaji, muuza juisi, wote wanataka betri. Wakiniuliza nitawaambia nilichoona."

Dada yule aliitazama betri yake. Hakukasirika. Alikuwa kama mtu aliyebeba ndoo ya maji toka mbali, akaimwaga mlangoni kwake. "Haiwezekani iishe mapema hivyo, mama. Haikubeba kitu kingine?"

"Haikubeba. Binti yangu alikuwa hapa mchana kutwa, na mwanangu hasemi uongo. Nimemlea mwenyewe."

Hapo Sisimizi alitamani sakafu ipasuke. Angalau mama angekuwa na shaka kidogo. Angalau angemuuliza tena.

Fundi Waya, badala ya kufurahi, alikuwa anaizunguka betri yake huku anajikuna kichwa. "Mama Mayai, mimi ni muuzaji, pesa nazipenda," alisema. "Lakini tusije tukagombana baadaye. Hii yangu imefika magharibi kwa sababu umeinyonya mpaka tone la mwisho. Siku moja si neno. Ukiifanyia hivyo kila mgao wa umeme, haitadumu. Itaanza kufika alasiri, halafu adhuhuri, na mwakani utakuwa unazuilia nayo mlango. Nashangaa sana hiyo ya mwenzangu kushindwa."

"Mimi pia nashangaa," mama alisema. "Lakini macho ndiyo yaliyoona. Nimechoka, fundi. Nipe hiyo yako, nilale."

Dada yule alikuwa ameshainama, ameishika betri yake kwa mikono miwili, anaiinua. Sisimizi alitazama macho mekundu ya mama yake. Aliuona mwaka ujao ukija: betri imechoka, mama yuko macho tena kando ya jiko, mayai ni viza, na beseni la kufulia limetolewa uvunguni. Yote hayo kwa sababu ya shati na sketi. Akapiga moyo konde.

"Mama," alisema. "Nilipiga pasi."

Mama aligeuka polepole. "Ulifanya nini?"

"Jumamosi. Nilichomeka pasi kwenye ile betri. Nilinyoosha sare yangu. Halafu Chiriku akaja na zake, na za wadogo zake, na gauni la mama yake." Alisogea karibu na mama. "Uliponiuliza, nilisema hapana. Nilidanganya. Betri ya dada si mbovu."

Dada yule aliitua betri chini taratibu, akakaa juu yake. Fundi Waya ndiye wa kwanza kufungua mdomo.

"Pasi," alisema. "Za nyumba mbili. Mdudu wewe, pasi hula umeme kuliko sanduku hili na mayai yake na feni yake. Umewashindanisha wakimbiaji wawili, mmoja umemtwika gunia, halafu unasema amechelewa kufika."

Sisimizi alimwendea yule dada, akasimama mbele yake mikono nyuma. "Shikamoo, dada. Naomba unisamehe."

"Marahaba." Dada alimtazama kwa muda, uso wake umechoka, lakini haukuwa na chuki. "Ungenyamaza kidogo tu, ningekuwa barabarani. Na mtaa mzima ungeniita tapeli, nami nisijue kwa nini. Nimekusamehe. Ila ujue ilikuwa karibu."

Sisimizi alingojea kupigiwa kelele na mama, na kelele hazikuja. Mama alijifunika uso kwa viganja, akakaa hivyo. Alipoviondoa alisema tu, "Betri ya lithiamu ikajazwe dukani, kesho itabeba tena. Mashine peke yake. Nitaitazama mimi."

"Mama, mimi naweza—"

"Nitaitazama mimi."

Maneno hayo yalimuuma Sisimizi kuliko bakora. Kesho yake alikwenda shule, mwili uko darasani, moyo uko sebuleni. Aliporudi alimkuta mama kwenye kigoda mbele ya mashine, kichwa kinaanguka na kuinuka. Hakumwomba binti yake ampokee zamu. Jioni ikaingia, betri inavuma. Jua likazama, betri inavuma. Taa za vibatari zikawashwa mtaani, na kioo cha betri kilionyesha bado ina akiba ya kutosha.

Basi mama akanunua betri ya lithiamu. Alitoa yote aliyokuwa nayo, na dada akakubali amalizie kidogo kidogo. Mshonaji, ambaye kazi yake ni cherehani ndogo ya saa chache, yeye alishauriwa achukue ya Fundi Waya, maana haja yake ilikuwa ndogo na bei ilimfaa. Fundi Waya akasema dunia ina haki, japo inachelewa.

Ungedhani sasa mama alilala. Wapi! Umeme ulipokatika tena, betri ilishika kazi pale pale, hata feni haikusita, lakini mama aliamka kuchungulia, akarudi kitandani, akaamka tena. Usiku mzima ulikuwa wa kwenda na kurudi. Asubuhi macho yalikuwa yale yale mekundu.

Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, Sisimizi alishindwa kuvumilia. "Mama, betri si ipo? Mbona hulali?"

Mama alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Alifikiri kabla ya kujibu, kama mtu anayetafuta kitu mfukoni.

"Nilidhani betri ndiyo itakayonilaza," alisema. "Kumbe sivyo. Betri ni chombo, na chombo kinaweza kuharibika wakati wowote. Mtu hulala kwa sababu kuna mwenzake aliye macho, na akiulizwa kuna nini, atasema kilichopo. Mimi nilikuwa na mtu huyo. Halafu siku moja nikamuuliza, akanijibu hapana."

Machozi yalimlenga Sisimizi. "Nilichoka, Mama. Niliogopa."

"Najua. Na mimi nilikuwa nimechoka, ndiyo maana niliegemea neno lako bila kuliangalia mara mbili. Anayemdanganya mtu aliyechoka amemsukuma mtu anayeegemea." Mama alimshika bega. "Lakini hukungoja mtu akufumanie. Ulisema mwenyewe, mbele ya wageni, wakati kunyamaza kulikuwa rahisi. Hilo nimeliona pia. Nilikuwa nimechoka mno kukwambia."

Alisimama, akaenda hadi kwenye mashine, akachungulia kipimajoto. Halafu akakivuta kigoda, akakiweka mbele ya kidirisha.

"Kaa," alisema. "Nakuachia."

Akarudi kitandani, akajifunika kanga mpaka masikioni.

Sisimizi alikaa. Safari hii hakuchomeka kitu. Chiriku alipokuja dirishani na simu mbili za kuchaji, alimwekea kidole mdomoni na kumtikisia kichwa, naye Chiriku, ajabu ya mwaka, akaondoka kimya. Namba za betri ziliteremka taratibu. Chumba kilikuwa na joto, feni ilivuma wimbo mmoja tu, na mchana ulikuwa mrefu. Sisimizi alijikaza. Akajifinya mkono. Akahesabu mayai ya trei ya juu. Halafu hakuhesabu tena.

Alishtuka shingo inamuuma na kivuli cha dirisha kimesogea mpaka ukutani. Aliruka kutazama kipimajoto. Joto lilikuwa pale pale. Betri ilikuwa bado na zaidi ya nusu. Mayai hayakuwa yamedhurika hata moja. Hakuna mtu aliyemwona, na hakuna kitu kilichoharibika.

Chumbani kitanda kililia. "Sisimizi," mama aliita kwa sauti nzito ya usingizi. "Mambo yako sawa?"

Neno lile fupi lilikuja tena mdomoni, tayari kabisa. Alilimeza.

"Joto liko sawa, Mama, na betri bado ina nguvu," alisema. "Ila nilisinzia. Sijui kwa muda gani. Nimeamka sasa hivi tu."

Sisimizi alisikia miguu ya mama ikishuka sakafuni, akaona hayo basi, zamu imeisha, hataachiwa kitu tena. Mama alitokea mlangoni, nywele timtim, alama ya mto shavuni. Alimtazama binti yake, akaitazama mashine, akamtazama tena binti yake.

"Ungesema ulikuwa macho, ningekuamini," alisema.

"Najua, Mama."

"Sikiliza, mwanangu. Kila mtu husinzia. Mimi nilisinzia, na mayai ya watu yakafa. Siwezi kukuomba usichoke. Ninachokuomba ni hiki tu, nikikuuliza, uniambie kama ulivyoniambia sasa. Mtu anayesema nilisinzia, huyo naweza kumwachia nyumba yangu yote."

Alipiga mwayo mrefu, akaegemea kizingiti. Jua lilikuwa bado juu na kazi za jioni hazijaguswa. Mama hakuzitazama.

"Nawa uso," alisema, "kisha urudi kwenye kigoda. Mimi naendelea kulala."

Na alilala kweli, mpaka asubuhi ya siku ya pili.